Erika inanyauka, inageuka manjano au haichanui: soma dalili kabla ya kuongeza mbolea

Erika nyingi zinazokufa katika bustani za Uganda huuawa na vitu vile vile ambavyo mgomba, mkahawa na sukumawiki huvishukuru: samadi ya kuku, majivu ya jikoni, udongo mzito, maji ya kila jioni. Kichaka hiki kimezoea ardhi maskini yenye asidi. Mizizi yake ni myembamba kuliko nywele, hukaa karibu na uso wa udongo, na hushirikiana na kuvu maalumu wanaokitafutia chakula mahali ambapo mimea mingine ingedumaa. Ndiyo maana mtu akiniuliza aiwekee nini erika yake inayougua, kwanza namwomba asiweke kitu. Achukue kijiti, afukue udongo kidogo kando ya shina, aitazame mizizi na kuinusa. Mara nyingi jibu liko huko chini, si kwenye majani.

Ninayoizungumzia zaidi ni ile inayochanua wakati wa baridi huko Ulaya, Erica carnea ya milima ya Alps, pamoja na chotara wake Erica × darleyensis, aliyetokea kwenye kitalu cha Darley Dale, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19. Carnea hutambaa na kwa kawaida haizidi sentimita 25 kwenda juu. Chotara hufika sentimita 60 hivi. Mengi ya hapa chini yanazihusu pia erika za Afrika Kusini, na hata zile kubwa za kwetu za Rwenzori na Elgon.

Kwanza, je, ni erika kweli?

Kwenye vitalu vya kando ya barabara kuna kichaka kifupi chenye vijiua vya zambarau ambacho wauzaji wengine hukiita erika. Ni kufea, Cuphea hyssopifolia, mmea wa Mexico na Amerika ya Kati. Ni mzuri, unastahimili joto la Kampala bila shida, lakini si ndugu wa erika hata kidogo, na matunzo yake yako mbali: unapenda mbolea na maji ya kutosha.

Tazama jani. La kufea ni bapa, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana. La erika ni jembamba mithili ya sindano, na ukikivuta kijitawi karibu na jicho utaona majani yamelizunguka shina kwa duara, mara nyingi matatu au manne kila pingili. Kisha tazama ua. Kufea ina petali sita zilizokunjuka; erika ya carnea ina kengele ndogo iliyofumba, na ncha nyeusi za chavua zikichungulia mdomoni. Ukigundua ulichonacho ni kufea, ushauri unaofuata usiufuate, maana utaitesa njaa bure.

Pili, unaishi wapi

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi yenye ukungu utavaa sweta hata mwezi ambao si wa mvua. Kisoro na miinuko ya Kapchorwa ni vivyo hivyo. Huko erika ya Ulaya ina nafasi ya kweli. Kampala iko karibu mita 1,200, na ingawa udongo wake mwekundu una asidi inayofaa, usiku hauna baridi ya kutosha na ardhi hubaki na joto mwaka mzima. Ukiwa Kampala, panda kwenye chungu ukijua kwamba utaifurahia kwa muda. Kasese na bonde lote la chini la magharibi, sahau. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimeona watu wakijilaumu kwa kosa la jua na mwinuko.

Ncha changa zinageuka manjano, majani ya chini bado ni kijani

Hii ni dalili ya upungufu wa chuma, na karibu kila mara chuma kimo udongoni. Kinachokosekana ni asidi ya kukiyeyusha ili mizizi ikifyonze. Chokaa ikizidi, chuma hufungwa. Kwa hiyo tafuta chokaa imetoka wapi.

Jirani yangu hapa Kabale, mama mwenye mkono mzuri wa bustani, aliniita kuangalia tuta la erika lililogeuka manjano upande mmoja tu. Ule upande mwingine ulikuwa kijani kizuri. Alikuwa amekwisha nunua mbolea ya naitrojeni, mfuko uko mlangoni. Nikainama kwenye mawe ya ukingo. Yalikuwa meupe, yamepakwa chokaa kama tunavyopenda kupaka sote, na kila jiwe lilikuwa na mchirizi mweupe ulioshuka hadi kwenye udongo.

"Mama, mawe haya yalipakwa lini?"

"Kabla ya kuhudumia wageni wa harusi ya binti. Mwezi wa tatu."

Mvua zote za Machi hadi Mei zilikuwa zimeiosha chokaa ile na kuiteremsha kwenye mizizi. Tuliyaondoa mawe, tukakwangua udongo wa juu wa upande ule na kuweka mwingine, tukaacha mbolea mfukoni. Ncha zilizochipua baadaye zilitoka kijani. Zile za manjano za mwanzo hazikurudi, tukazikata.

Chokaa nyingine hutoka kwenye saruji ya msingi wa nyumba, kwenye kifusi kilichofukiwa wakati wa ujenzi, na zaidi ya yote kwenye majivu. Majivu ya kuni na makaa ni dawa nzuri kwa mboga nyingi, ila kwa erika ni sumu ya polepole. Mtu anayepika kwa sigiri na kumwaga majivu kila asubuhi pale pale anaibadilisha ardhi bila kujua.

Kupima si lazima uende maabara. Chukua kijiko cha udongo mkavu, udondoshee siki. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa nyingi na hapo erika haitakaa. Usipotoa povu, bado chokaa kidogo inaweza kuwepo, kwa hiyo pima pia kwa karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi. Erika nyingi hutaka kati ya 4.5 na 6. Carnea huvumilia chokaa kuliko wenzake, kwa kuwa kwao huota hata juu ya miamba ya chokaa. Basi ikiwa hata carnea imegeuka manjano, ujue hali ni mbaya kweli.

Tiba: ondoa chanzo kwanza. Mwagilia kwa maji ya mvua ya bati badala ya maji ya kisima kirefu, ambayo mara nyingi yana chumvi za chokaa. Unga wa salfa hushusha pH, lakini huchukua miezi, kwa hiyo tumia kidogo na usubiri. Mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani hurudisha rangi haraka, ila ni nafuu ya muda. Vyote viwili uliza kwenye maduka ya pembejeo za kilimo.

Neno moja la tahadhari: zipo aina ambazo rangi yao ya asili ni ya dhahabu. 'Foxhollow' ni mojawapo. Hiyo usiitibu.

Inanyauka ilhali udongo umelowa

Dalili hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo inayosababisha makosa makubwa, kwa sababu mtu akiona mmea umenyauka hukimbilia jerikani.

Anza na rangi. Kichaka kinapoteza mng'ao, kijani kinafifia kuwa kijivujivu, kisha tawi zima au upande mzima unageuka kahawia ndani ya siku chache. Fukua. Mizizi yenye afya ni myeupe au kahawia isiyokolea, na imesukana kwa wingi. Iliyooza ni nyeusi, laini, na ganda lake la nje hubaki vidoleni ukiivuta huku uzi wa ndani ukibaki peke yake. Kisha kwangua gome la shina kwa ukucha pale linapoingia ardhini. Chini ya gome lazima pawe kijani au krimu. Pakiwa kahawia kama chai, ugonjwa umeshapanda.

Mkosaji wa kawaida ni fitofthora, kiumbe mdogo anayefanana na kuvu, hasa Phytophthora cinnamomi. Mkulima yeyote wa viazi wa Kigezi, eneo letu hili la Kabale, anamfahamu binamu yake, yule anayeleta bakajani na kuunguza shamba zima kwenye mvua. Huyu wa erika hushambulia mizizi, na ndiye huyo huyo anayeozesha mizizi ya parachichi. Hivyo usipande erika mahali mparachichi umekufa kwa kunyauka, wala usichukue udongo wa hapo.

Watu huniuliza swali zuri: mbona Rwenzori ni tope tupu, mvua haikatiki, na erika zimekuwa miti mirefu iliyofunikwa ndevu za kuvumwani? Jibu liko kwenye joto. Ukanda wa erika kule uko takriban kati ya mita 3,000 na 4,000, na udongo ni wa baridi siku zote. Fitofthora hii hustawi ardhi inapokuwa na maji na joto kwa pamoja. Tena ukiangalia vizuri pale mlimani, miti mingi imesimama juu ya miteremko, mawe na vilima vidogo vya kuvumwani, maji yakipita pembeni yake. Bustanini kwako, maji yale yale yakisimama kwenye udongo wenye joto ni mwaliko kwa ugonjwa.

Mmea uliokwisha oza shina hauokoleki tena. Ung'oe na udongo wake, uweke kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), usiutupe kwenye lundo la mboji. Safisha jembe na mkasi kwa spiriti. Dawa ya mankozebu tunayopulizia viazi haitausaidia, kwa kuwa hubaki juu ya jani na haiingii mizizini. Sehemu hiyo usirudishie erika.

Ukiwahi, yaani umeona mng'ao umefifia lakini gome bado kijani, acha kumwagilia, chimba mfereji wa kutoa maji, inua mmea na uupande juu zaidi.

Kuzuia ndiko kwenye faida. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Maji yakiwa bado yapo baada ya saa kadhaa, usipande chini; jenga tuta la sentimita 30 au zaidi kwa udongo mwepesi, mchanga mnene wa mtoni na majani ya misonobari yaliyooza. Kisoro wana bahati ya changarawe ya volkano, ambayo haishiki maji. Kwenye miteremko yetu ya matuta, panda ukingoni, si ndani kabisa pale maji yanapokusanyika. Na usizike shina: udongo wa kwenye kopo la kitalu uwe sawa na uso wa tuta, au juu kidogo.

Imekauka na huku unaimwagilia

Mmea huu hudanganya. Haulegezi majani kama nyanya. Majani membamba hubaki yamesimama, yanakuwa makavu na ya kijivu, na ukiyapitisha kiganjani yanapukutika. Hapo huwa umechelewa.

Sababu ya kushangaza ni mpira wa mizizi. Miche mingi hukuzwa kwenye mboji nyepesi ya vitalu, na mboji hiyo ikikauka kabisa hukataa maji. Ukimwagilia, maji huteleza pembeni na kuingia kwenye udongo wa bustani. Juu panaonekana pamelowa, chini penye mizizi pakavu kama siku ya kwanza. Ingiza kidole katikati kabisa, karibu na shina, uhakikishe. Kama bado ni kwenye chungu, kinyanyue: chungu chepesi baada ya kumwagilia ni ushahidi tosha.

Kizamishe kwenye ndoo ya maji ya mvua. Mapovu yatapanda. Subiri hadi yaishe, kisha kitoe kichuje. Ukipanda ardhini, fanya hivyo kwanza, halafu tenganisha mizizi ya nje kwa vidole ili ishike udongo mpya. Mmea mchanga unahitaji uangalizi wa maji katika kiangazi chake cha kwanza, hasa Juni hadi Agosti. Tandaza majani makavu ya misonobari, ambayo Kabale hayakosekani, kwa unene wa vidole vitatu, yakiwa mbali kidogo na shina. Maganda ya kahawa nayaepuka, kwa kuwa yana potasiamu nyingi kuliko erika inavyotaka, na nyasi kavu zilizolundikwa shinani huleta mchwa.

Ni kijani kizuri lakini haichanui

Kwao, carnea hutengeneza vichomozo vya maua katika kiangazi, siku zikiwa ndefu, halafu vichomozo hivyo husubiri baridi. Sisi tuko kwenye ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, na baridi ya Kabale haifanani na theluji. Mmea unakosa ishara mbili ulizozizoea. Kwa hiyo usitegemee zulia la maua la Januari ulilokwisha kuliona kwenye picha. Tegemea maua machache yanayojitokeza kwa awamu, mengi zaidi baada ya miezi ya usiku wa baridi. Mimi nadhani hilo linatosha kulipenda, ila ni vema ujue kabla ya kulipia.

Kama hata machache hayaji, angalia mambo matatu. Kivuli: inataka jua la kutosha, walau nusu siku, na chini ya mparachichi au mwembe haitatoa kitu. Naitrojeni: mbolea ya mahindi au samadi mbichi hutoa majani marefu laini bila ua. Mkasi: ukikata ovyo kila mwezi ili kichaka kiwe duara, unavikata vichomozo.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, zingatia erika za Rasi ya Afrika Kusini. Ziko aina mamia, na nyingi huchanua miezi ya Juni hadi Agosti kwenye baridi isiyo na theluji. Zina mantiki zaidi kwa nyanda zetu za juu kuliko za Alps. Mmea au mbegu kutoka nje huhitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Kitengo cha wizara ya kilimo kinachoshughulikia hayo kiko Entebbe. Usiufiche mche kwenye begi. Fitofthora husafiri kwenye udongo wa chungu, na viazi na parachichi za watu ziko hatarini.

Na kama uliyoletewa ni Calluna, ndugu wa karibu, yenye vijiua ambavyo havifunguki kamwe, usihangaike. Zipo aina zilizochaguliwa hivyo hivyo: hubaki vichomozo vya rangi kwa wiki nyingi.

Katikati imebaki miti mitupu

Ni uzee usiopogolewa. Kila maua yanapokwisha, kata chini kidogo ya pale yalipokuwa, kwenye sehemu yenye majani. Ukiingia kwenye mti mkavu usio na jani, carnea haitachipua hapo. Kichaka kilichokwisha kuwa kipara katikati ni bora kukibadilisha. Erica arborea ni tofauti: ina shina nene la chini linalochipua upya hata baada ya moto, kwa hiyo hiyo unaweza kuikata kwa nguvu.

Unga mweupe, ukungu wa kijivu, utando

Unga mweupe juu ya ncha ni ukungu wa majani; ukungu wa kijivu wenye manyoya hutokea msimu wa mvua penye msongamano. Kwa yote mawili, kata sehemu zilizoguswa, ongeza nafasi ya hewa na mwagilia asubuhi chini ya majani. Utando mwembamba na vidoadoa vya njano wakati wa kiangazi ni utitiri. Upige kwa maji yenye nguvu mara kadhaa kwa wiki.

Badala ya kwenda kung'oa mlimani

Wapo wanaoleta miche ya erika kutoka Rwenzori, Elgon au Mgahinga. Hizo ni hifadhi za taifa, na kung'oa mmea ndani yake bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ni kosa la jinai. Hata ukiacha sheria, karibu yote hufa: mizizi ile myembamba hukatika, kuvu wenza hubaki nyuma, na mmea wa mita 3,500 unatua kwenye joto usilolijua. Inaniuma kila ninapoona kichaka cha miaka mingi kikikauka kwenye ndoo barazani.

Njia ya kupata mche wa kuziba pengo ni kulaza tawi la ule ulio hai. Chagua tawi la pembeni lisilo na ua, lishushe chini mwanzo wa mvua za Septemba, fukia sehemu ya katikati kwa mchanga uliochanganywa na majani ya misonobari yaliyooza, uache ncha nje, na uweke jiwe juu lisiinuke. Jiwe lisiwe limepakwa chokaa. Usilivute kuangalia. Baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja, ncha ikiwa inachipua na tawi likikaza ukilishika, likate kutoka kwa mama yake, liache hapo hapo wiki chache, kisha lihamishie kwenye tuta mvua zinapoanza.